Kula Mtaji

Saa kumi na mbili jioni Posta inamwaga watu. Wanashuka kutoka kwenye maghorofa ya Samora na Sokoine, wanaipita Sanamu ya Askari, ambaye tangu 1927 ameelekeza singe yake bandarini, kisha wanagawana njia: wa Kigamboni wanakimbilia pantoni, wa Mbagala wanatafuta daladala, na sisi wa Kimara tunajipanga kwenye foleni ya mwendokasi pale Kivukoni. Foleni ya saa hiyo ni ya kukanyagana. Kwa hiyo, kwa miaka kadhaa sasa, nimezoea kukaa upande wa bahari, karibu na kanisa la Azania Front, nikisubiri watu wapungue. Simu iko mkononi, na kwenye simu ninacheza poka.

Mashindano ninayoingia ni madogo. Kiingilio ni dola moja, kama shilingi 2,500 hivi. Tunakuwa watu 90, wengi wao kutoka nchi ambazo sijazikanyaga, na kila mmoja hupewa chipu 1,500. Chipu hizo si fedha. Huwezi kuinuka katikati ya mchezo ukaenda kuzibadilisha dirishani. Ni za kuchezea tu, na zikikuishia umetoka. Fedha wanalipwa wachache wanaobaki mwishoni, kwa kufuata nafasi.

Asiyecheza hudhani shida ya mchezo huu ni karata mbaya. Karata mbaya zina mwisho wake. Shida ni kwamba kukaa mezani kwenyewe kunalipiwa. Kila mgao watu wawili wanalazimika kutoa dau kabla hawajaona karata zao, mmoja dogo na mwingine kubwa, na zamu hiyo inazunguka mpaka kila mtu ameitoa: hiyo ndiyo duru. Kisha kila baada ya dakika chache dau linapanda: 10 na 20, baadaye 50 na 100, baadaye 100 na 200. Aliyetulia, ambaye hajagombana na mtu, ambaye ametupa kila karata aliyoiona haimfai, anaangalia chipu zake zikipungua kana kwamba ametenda kosa.

Baada ya nusu saa hivi mimi huwa mmoja wa wale wenye chache. Ni hali ya kawaida ya mashindano yoyote: chipu zinahamia kwenye mikono michache, na watu wengi wanabaki chini ya wastani. Nimekaa humo mara nyingi kiasi kwamba nimeanza kuipenda sehemu hii ya mchezo kuliko zote. Mwenye nyingi anacheza anavyotaka. Mwenye chache lazima afikiri.

Dan Harrington, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, alieleza katika kitabu chake cha 2005 kipimo cha kujua umebakiwa na uhai kiasi gani. Unajumlisha madau yote ya lazima ambayo mtu mmoja hutoa katika duru moja, kisha unagawa chipu zako kwa jumla hiyo. Kama madau ni 100 na 200, na mimi nina 1,500, jibu ni 5: nitaishi duru tano bila kufanya lolote. Kipimo hicho kinaitwa M, herufi kiliyopewa kwa heshima ya Paul Magriel, bingwa wa mchezo mwingine kabisa, ule wa ubao na dadu. Mimi tangu siku ya kwanza nimeisoma M hiyo kuwa ya mtaji.

M ikifika 5, Harrington anasema hakuna tena kuonjaonja. Umebaki na mambo mawili: kutupa karata, au kuweka zote. Wengi wetu hapo tunachagua la tatu ambalo halipo, yaani kungoja ree mbili. Hesabu yake haina huruma. Ree mbili humjia mtu mara moja katika migao 221. Kwenye meza ya watu tisa, duru tano ni migao 45. Uwezekano wa kuziona kabla hujaisha haufiki hata mara moja kati ya tano, na hapo tumejifanya dau halitapanda tena, ilhali litapanda.

Kinachomwokoa mwenye chache ni kitu kingine. Nikiweka chipu 1,500 zote nikiwa nimebakiza watu watatu mbele yangu, na kila mmoja wao ana karata za kunikabili mara moja tu katika kumi, basi mara 73 katika mia wote watatu watakimbia na yale madau ya lazima yatakuwa yangu bila karata kufunuliwa. Siku nikikabiliwa, hata tisa na nane za kopa zikikutana na ree na mfalme, hushinda takribani mara 40 katika 100. Nguvu ya zile 1,500 iko kwenye kifua cha aliye mbele: akinikabili akashindwa, atapoteza kitu atakachokijutia. Zinatisha.

Sasa ngoja mpaka zimebaki 400. Ukiziweka zote, yule aliyekwisha toa dau kubwa la 200 anatakiwa kuongeza 200 tu ili kugombea 700 zilizopo katikati. Atakukabili kwa karata yoyote, hata mbili na saba. Hakuna tena wa kumkimbiza. Ni wewe yule yule na karata zile zile, ila zile 1,100 zilizoliwa zimeondoka na woga wa watu.

Hapa ndipo mawazo yangu huiacha simu yakapanda Barabara ya Uhuru, yakavuka Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo.

Baba yangu aliuza soksi na mikanda Mtaa wa Kongo kwa zaidi ya miaka ishirini. Meza yake ilikuwa mlango wa mbao uliolazwa juu ya stuli mbili. Mwaka 2018 mwezi Desemba vilipotolewa vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vya shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao ya mwaka hayafiki milioni nne, alikuwa miongoni mwa waliovivaa shingoni kwa fahari. Julai 10, 2021, usiku, soko kuu liliungua, lile jengo la Beda Amuli lenye paa za miamvuli ya zege lililofunguliwa mwaka 1975. Oktoba mwaka huo huo machinga wakaondolewa pembezoni mwa barabara na kuelekezwa maeneo mengine. Baba alirudi nyumbani na shilingi 300,000 na gunia moja la bidhaa.

Alisema atasubiri hali itulie. Nilimwelewa, na hata sasa namwelewa. Mtu aliyepata pigo anataka kwanza kukaa. Ila nyumba haikukaa naye. Asubuhi ilidai mkate, mita ya umeme ilidai, mdogo wangu alidai nauli ya shule, na shinikizo la damu la baba likadai vidonge. Kila siku elfu nne, elfu saba, siku nyingine elfu kumi na mbili. Hakuna aliyefuja. Mama aliandika kila senti kwenye daftari lenye picha ya Mlima Kilimanjaro, na nikilisoma leo sioni mstari hata mmoja ambao ningeufuta. Watu wa Kariakoo wana maneno mawili ya hali hiyo, na wanayasema kwa sauti ya chini kama wanaotaja ugonjwa: anakula mtaji.

Alipoinuka kwenda kununua mzigo alikuwa na 70,000. Kwa laki tatu alikuwa bado mteja wa jumla. Dukani walimwita bosi, wakamshushia bei kwa kila dazani, wakamwongezea pea mbili tatu za kuchanganya. Kwa elfu sabini aliambiwa asubiri pembeni wahudumiwe wenye mizigo. Alipofikiwa, bei ilikuwa karibu na ya rejareja, na faida yake ilikuwa imeshakufa pale pale kaunta, kabla hajauza soksi moja. Fedha ilikuwa imepungua mara nne na kidogo, lakini nguvu yake ilikuwa imepungua mara nyingi zaidi. Nilikuja kulijua hilo kwa hesabu miaka miwili baadaye, nikiwa na chipu 400 mkononi karibu na Azania Front, na nilijisikia vibaya kwamba mchezo ndio ulionifundisha jambo ambalo nilikuwa nimelitazama mezani kwetu kila jioni.

Neno lenyewe mtaji lina sura mbili. Kwenye bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, mnaanza na namua, kila mmoja akiwa na kete kumi ubaoni, sita kati yake ndani ya shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi za kutia moja moja. Za mkononi zikikwisha mnaingia hatua inayoitwa mtaji, na mtaji pia ni ule mchezo wa kula wenyewe: mwenye mtaji ni mwenye pa kula, asiye nao anatakata tu. Kwa hiyo ubaoni mtaji ndio unaokula. Mtaa wa Kongo mtaji ndio unaoliwa. Sijui lugha nyingine iliyoweka mambo haya mawili ndani ya neno moja, na mara nyingine nafikiri waliotuachia neno hilo walikuwa wamekaa barazani wakitazama pande zote mbili za barabara.

Bao lina kanuni nyingine ambayo mgeni huishangaa. Ukiingia kwenye mtaji, shimo lenye kete moja haliwezi kuanzisha mchezo. Lazima kuwe na mbili au zaidi. Unaweza kuwa na kete kumi na mbili ubaoni, si haba, lakini kama kila moja imelala peke yake kwenye shimo lake, umefungwa. Nimeona watu wakiinuka ubaoni hawaamini, kwa sababu macho yao bado yanaona kete. Elfu nne ya mkate, elfu saba ya umeme: hivyo ndivyo laki tatu ilivyolala moja moja.

Wacheza poka wana hadithi wanayofarijiana nayo. Jack Straus, bingwa wa dunia wa Las Vegas mwaka 1982, husimuliwa kwamba alibakiwa na chipu moja tu, akairudia meza, akawapita wengine wote 103 na kuondoka na dola 520,000. Tangu hapo wanasema chipu moja na kiti vinatosha. Hadithi hiyo naiheshimu lakini siitumii. Kwa kila Straus wapo maelfu waliobaki na chipu moja wakatoka kwa karata iliyofuata, na hakuna anayewasimulia. Anayebaki na kiti peke yake ninamjua kwa jina la mtaa: ni winga. Kariakoo imejaa mawinga, vijana wasio na mzigo wala fremu, wanaokudaka Msimbazi ukishuka kwenye basi, wanakuuliza unatafuta nini, wanakupeleka kwenye duka la mtu na kuweka cha juu kwenye bei. Wanaishi kwa miguu na midomo yao. Nawastahi sana, maana wamefanya biashara mahali ambapo kwa hesabu ya Harrington mtu ameshakufa. Lakini muulize winga yeyote saa moja jioni anataka nini, atakujibu: mtaji.

Sitaki kuipamba kamari. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ni ya mwaka 2003, na inawazuia walio chini ya miaka 18. Wengi niliowaona wakiharibikiwa walikuwa wamevuka umri huo zamani, watu wazima wenye watoto, wanaotandika mikeka ya mechi kumi na tano kwa fedha ya marejesho ya mkopo. Mkeka ni kinyume cha ninachokisema. Ukishautandika, huna la kuamua tena. Unakaa kungoja watu wengine wakimbie uwanjani. Mimi kiingilio changu ni dola moja, siku mbili kwa wiki, na siku ambayo nyumbani kuna mgonjwa siigusi simu. Najua kwamba nikivuka hapo, nami nitakuwa nakula mtaji.

Na kuna mahali ambapo mfano wangu unavunjika, ambapo nimekuwa nikirudia kupafikiri kuliko pote.

Kwenye mashindano, chipu moja katika mkono wa mwenye chache ina thamani kuliko chipu moja katika mkono wa mwenye nyingi. Hili si la kufariji, ni hesabu. Tuseme mmebaki watatu, na zawadi ni dola 50, 30 na 20. Atakayezikusanya chipu zote za meza hatapata 100, atapata 50. Wewe uliyebaki na kiganja kimoja tayari una 20 ambazo hakuna wa kukunyang'anya, na mmoja kati ya wale wawili akiteleza, una 30. Ndiyo maana mwenye chache karibu na malipo anaweza kukaa kimya kwa heshima kabisa, akisubiri wakubwa wagombane. Mchezo umemwekea sakafu chini ya miguu.

Mtaa haumwekei mtu sakafu. Au tuseme, hauweki kwa sheria. Wanaoiweka ni watu. Mwezi ule wa elfu sabini, mama alikuwa kwenye mchezo. Ndivyo kinamama wanavyouita, mchezo: wanawake 12, kila mmoja 50,000 mwisho wa mwezi, na mmoja kwa zamu anapokea laki sita zote. Zamu ya mama ilikuwa ya tisa. Kijumbe wao, mama mwenye genge la nyanya na vitunguu pale mtaani kwetu, alikuja jioni, akakaa kwenye mkeka, akauliza habari za baba bila kumtazama. Kisha akasema kwamba aliyetakiwa kupokea mwezi wa tatu amekubali kubadilishana. Hakuna aliyetaja sababu. Mama akalia kidogo na kuchemsha chai.

Kutokana na zile laki sita, mbili zilienda kwenye ada, na nne baba akazipeleka zote dukani siku hiyo hiyo, asubuhi, kabla nyumba haijaamka kuzidai. Akaitwa bosi tena. Akapanga meza Mbagala Rangi Tatu, na hadi leo yupo hapo. Mama aliendelea kutoa elfu hamsini zake kila mwezi mpaka wa kumi na mbili alipopokea.

Katika huo mchezo wao hakuna anayetoka. Kila mmoja anakuwa mwenye chache kwa miezi kumi na moja na mwenye nyingi kwa siku moja, na dau la lazima analolitoa halimezwi na meza, linamfikia jirani. Sijapata kuona chuo kinachofundisha uchumi kikimwalika kijumbe. Ningependa siku moja nimwone kwenye ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, akieleza kwa nini zamu ya tisa inaweza kuwa ya tatu.

Jumapili baba hapumziki Mbagala. Anapanda daladala anarudi Kariakoo, kwenye baraza moja nyuma ya Tandamti ambako wazee wa Mtaa wa Kongo bado wanakutana kwa bao. Mwezi uliopita nilimfuata. Nilimkuta ameinama, namua imekwisha, wamezungukwa na watu saba au nane waliokuwa wakihesabu kete kwa macho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Nilikuwa kwenye mashindano, nimebakiwa na chipu 1,600 wakati madau ni 100 na 200. Sikuwahi kumwonyesha. Siku hiyo, sielewi kwa nini, nilimpa simu. Akaishika mbali na macho kama anavyoshika risiti. Nikamweleza: hawa tisa wamekaa meza moja, hizi zangu, hizi za lazima, zikifika hapa mtu anaweka zote. Alisikiliza vizuri. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi.

"Yaani usipocheza unaliwa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na hawa wanane, unawafahamu?"

"Siwafahamu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akatazama yale majina ya mkato na bendera ndogo ndogo za nchi za watu. "Sasa ukiishiwa, wanakusogezea zamu?"

Nikamwambia hapana, ukiishiwa meza inafungwa kwako, unaanza upya kwingine kwa dola nyingine. Akatikisa kichwa, si kwa kunikemea, kama mtu aliyeambiwa kuwa kuna mji usio na majirani. Tulipokuwa tukizungumza muda wa zamu yangu ulikuwa umepita, na karata zilikuwa zimetupwa zenyewe.

Akanirudishia simu akageukia ubao. Kwenye nyumba yake zilikuwemo kete saba, nyingi kuliko shimo lolote la upande wake. Mzee wa pili alikuwa na mtaji wa kuila zamu inayofuata, na wote barazani walikuwa wameshaliona hilo, maana walinyamaza. Baba aliziangalia kwa muda. Kisha akaingiza vidole, akazichota zote saba, akaanza kuzitembeza.